Tupeane uzoefu: ukiigeuza nguo ya zamani ndani nje, unakuta nini?

Wakuu, mimi nina ugonjwa wangu. Nikipata nguo ya zamani, au iliyoshonwa kwa mkono, siitazami nje kwanza. Naigeuza. Huko ndani ndiko fundi alikoacha mambo yake yote: bandi (mshono wa muda wa kushikiza) aliyosahau kuifumua, kiraka cha siri, kitambaa cha ziada alichokibakiza kwenye mshono akijua mwenye nguo atanenepa.

Zamani kitambaa kilikuwa ghali kuliko mikono. Mashati ya kitani ya Ulaya ya karne ya 18 yalikatwa kwa miraba na mistatili mitupu ili kisipotee hata kipande, na chini ya mkono kikatiwa kikwapa, yaani kipande kidogo cha mraba, ili mtu ainue mkono bila mshono kuachia. Yote hayo kwa sindano ya mkono. Singer alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1851. Nimewahi kushika shati lililoshonwa upya kwa mtindo huo, na mishono yake ilikuwa midogo hadi nikaanza kuihesabu kwa ukucha.

Haya, leteni yenu. Ya kuvaa, ya jukwaani, ya kurithi, yoyote.

Subana
Nilipokuwa najifunza ushonaji, fundi wangu alinipa shati lililolika kwenye mkunjo wa kola. Nikachukua mkasi nikate kola mpya. Akaninyang'anya. "Fumua, geuza, rudisha." Upande uliochakaa ukaenda chini, ule mzima ukaja juu, na mwenye shati alipokuja kulichukua akauliza tumelifanyaje. Hiyo ilikuwa kazi ya kawaida kabisa kwa mafundi wa zamani. Leo nikifumua mashati mengi nakuta kitambaa kimekatwa ukingoni kabisa na oveloki imepita juu yake. Hata ukitaka kulipanua kidogo, hakuna pa kushika.

Nyuma ya Pazia
Mimi ni wa chumba cha mavazi, kikundi cha maigizo. Gauni moja huvaliwa na waigizaji wengi, kwa hiyo mgongoni tunaacha akiba nene ya kitambaa. Lipo moja lenye utepe wa majina kwa ndani: kila anayelirithi, jina la mwenzake linakatwa na lake linaandikwa chini. Mengine yameshafutika. Gauni zito la namna hiyo hulifui kila usiku, hivyo kwapani tunapuliza vodka; ikikauka huondoka na harufu. Ndiyo, chupa tunaifungia kabatini.

Jingine: watu hutuletea gauni "la mwaka 1890" lenye zipu. Zipu tunayoijua ilikamilishwa na Gideon Sundback mwaka 1913, na kwenye nguo za kawaida ilienea miaka ya 1930. Kabla ya hapo ni kulabu, vifungo na kamba. Ila msikimbilie kusema ni feki. Tazameni pembeni ya zipu. Ukiona vitundu vya sindano vimejipanga, huenda palikuwa na kulabu na mtu akabadilisha baadaye.

Kifungo Kimoja
Mimi subira sina. Nashona vifungo tu, na hivyo navyo vinaanguka. Nasoma.

Soksi Mbili
@Kifungo Kimoja, zungushia uzi shingoni mwa kifungo, kati yake na kitambaa, kabla hujafunga fundo. Kifungo kikikosa shingo kinavutwa kila unapokifunga.

Mimi natengeneza soksi za sufu. Naingiza kitu cha mviringo kisigino kijae, nanyoosha nyuzi upande mmoja, halafu napitisha nyingine juu, chini, juu, chini, kama mkeka. Siku hizi viraka vya kuonekana vimekuwa fasheni, wengi wakitazama sashiko (mishono ya mkono ya kuimarisha na kupamba) na nguo za boro za Japani. Napenda, lakini inanichekesha kidogo. Boro zilikuwa nguo za wakulima na wavuvi maskini, viraka juu ya viraka kwa sababu kitambaa hakikuwepo. Uingereza nayo nguo zilipouzwa kwa mgawo kuanzia Juni 1941, watu walifundishwa kutengeneza walichonacho, na sifa ya fundi ilikuwa kiraka kisionekane. Mimi bado natafuta uzi wa rangi ileile.

Hariri
Naomba msaada. Nimerithi gauni la hariri la mwishoni mwa karne ya 19. Limepasuka mistari mistari kwenye mikunjo, na halijavaliwa. Nikitia sindano linapasuka pembeni. Tatizo ni mkono wangu?

Nyuma ya Pazia
Mkono wako hauna kosa, dada. Hariri nyingi za wakati ule ziliongezwa uzito kwa chumvi za madini, bati hasa, ili ziuzwe nzito na ziporomoke vizuri mwilini. Chumvi hizo ndizo zinazoila hariri toka ndani, hata likiwa sandukuni. Usilishone, usilifue, usilitundike. Lilaze, kwenye mikunjo jaza karatasi laini isiyo na asidi, weka gizani. Na kabla hujalifunika, tupigie picha upande wa ndani.

Hariri
Asante. Nimetazama sasa hivi: bitana ni ya pamba, nzima kabisa, na kiunoni imefumuliwa ikashonwa tena kwa uzi wa rangi nyingine.