Je, ni haki kulipia usajili ili kucheza gemu za konsoli mtandaoni?

Mkazi wa Nyegezi: Wakuu, naomba mawazo yenu. Nimemnunulia mdogo wangu konsoli, yaani mashine ya kuchezea gemu kwenye TV, pamoja na diski ya mchezo wa mpira, na bando la intaneti nalipa mwenyewe kila mwezi. Alipotaka kucheza na binamu yake aliyeko Bukoba, mashine ikadai kwanza tulipie usajili. Ikiwa mashine, diski na intaneti vyote nimeshavigharamia, fedha hiyo ya ziada inalipia nini hasa?

Fundi wa Kirumba: Swali lako lina msingi, mkuu. Desturi hii ilienezwa na Microsoft, ambayo Xbox Live, huduma ya kucheza mtandaoni kwenye konsoli yake ya Xbox, ilikuwa ya kulipia tangu ilipoanza mwaka 2002. Sony iliwaacha wenye konsoli yake ya PlayStation 3 wacheze mtandaoni bure tangu 2006, ikaanza kutoza ilipotoa PlayStation 4 mwaka 2013, na Nintendo, mtengenezaji mwingine wa konsoli, ikafuata Septemba 2018. Wanaosema kwamba ada hulipia seva, yaani kompyuta zinazowaunganisha wachezaji, wakumbuke kuwa seva za michezo mingi hugharimiwa na watengenezaji wa michezo yenyewe, na kwamba anayecheza kwenye kompyuta kupitia Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, hatozwi ada ya namna hiyo. Kinachonikera zaidi ni kwamba michezo ya bure kama Fortnite na eFootball haihitaji PlayStation Plus, yaani huo usajili wa Sony, na Microsoft nayo iliondoa sharti hilo kwa michezo ya bure Aprili 2021. Maana yake, asiyenunua mchezo anapita bila kuulizwa, ilhali aliyenunua diski kwa fedha yake anazuiwa mlangoni.

Mwenye kibanda cha gemu, Igoma: Mimi nalipa na silalamiki sana. Usajili wa akaunti moja, ukiiweka konsoli kuwa ndiyo ya nyumbani ya akaunti hiyo, unawawezesha wote wanaoitumia konsoli hiyo kucheza mtandaoni, kwa hiyo ada ikigawanywa kwa vijana wanaoshika padi kutwa nzima, haionekani. Aidha, kila mwezi unapewa michezo kadhaa, ingawa ukiacha kulipa inafungwa hadi urudi. Kwa familia yenye mtoto mmoja, nakiri hesabu ni tofauti: daraja la chini la PlayStation Plus lilipanda Septemba 2023 kutoka dola 59.99 hadi 79.99 kwa mwaka kwa bei ya Marekani, yaani karibu shilingi laki mbili.

Mama wa Mkolani: Kuna jambo hamjaligusa. Umeme ukikatika katikati ya mchezo, kama tulivyozoea, faili la maendeleo ya mtoto linaweza kuharibika. Kwenye PlayStation 4 unaweza kulinakili kwenye flashi, lakini faili la mchezo wa PlayStation 5 haliendi kwenye flashi, na nakala ya mtandaoni ni ya waliolipia tu. Kuwatoza watu kwa kucheza pamoja ninaweza kuvumilia. Kuwatoza kwa kulinda kazi yao wenyewe siwezi kusema ni haki.

Mkazi wa Nyegezi: Ahsanteni sana. Kwa sasa watacheza eFootball, kisha likizo ya Juni nitalipia mwezi mmoja badala ya mwaka mzima.

Fundi wa Kirumba: Ni uamuzi mzuri. Ila kabla hujanunua kadi ya kulipia usajili, angalia akaunti ilifunguliwa kwa nchi gani, kwa sababu kadi ya nchi nyingine haitakubaliwa.