Nina baiskeli ya TT (mbio za mtu peke yake dhidi ya saa) ya zamani na elfu hamsini tu, nianzie wapi?

Mpanda_Ruiru
Habari zenu wadau. Nimepata Cervélo P2 ya kaboni ya 2010 kwa jamaa alikuwa anahama nchi, saizi inanitosha na fremu sijaona ufa wowote. Ina seti ya Shimano Ultegra 6700 ya gia 10 nyuma, kranki ya meno 53/39, kaseti ya meno 11-23, breki za rimu, magurudumu ya alumini ya kawaida na taya za milimita 23 ngumu zile za mazoezi. Nataka kuitumia kwa trayathloni na mbio za saa za kilomita 40, mazoezi ni Jumapili alfajiri Baipasi ya Mashariki. Nimetenga elfu hamsini na hiyo ndio mwisho mpaka mwaka uishe. Sasa watu wa kikundi chetu wamenichanganya, mmoja anasema nitafute magurudumu ya kaboni ya rimu ndefu zile za kukata upepo, mwingine nitoe gia niweke za umeme, mwingine ati niuze yote nitafute ya breki za diski. Mimi nataka mwendo, sura hainisumbui. Mngekuwa nyinyi mngeanza na nini? Na kitu kingine, nikilala kwa zile pembe za mbele za kuegemea viwiko kama robo saa shingo inakaza na mapaja yanaungua, inabidi niinuke nishike nje.

fundi_wa_Kikuyu
Kaka, hiyo sentensi yako ya mwisho ndio uanzie nayo, kabla hujatoa hata shilingi. Ukienda 40 kwa saa barabara tambarare, nguvu nyingi unayotoa, kama sehemu 8 kwa 10 ama zaidi, inaishia kupasua upepo, na upepo mwingi unagonga mwili wako, baiskeli inachukua kidogo tu. Sasa wewe ukiinuka kila robo saa hata nikupe magurudumu ya laki mbili hayatakusaidia. Mapaja kuungua mara nyingi ni kiti kimekaa nyuma sana, nyonga inajikunja unakanyaga goti likikaribia kifua. Sogeza kiti mbele kadri reli zinaruhusu, halafu ukipandishe kidogo manake ukikisogeza mbele kinakaribia pedali. Shingo nayo ni kwa sababu viegemeo vya viwiko viko chini sana kwa mwili wako wa sai. Vipandishe sentimita mbili kwa vipande vya kuinulia na bolti ndefu, bolti za chuma cha pua utapata Kirinyaga Road bei ya chai. Watu wanadhani kushuka chini ndio kasi lakini ukipandisha viwiko kidogo kichwa kinaweza kuzama katikati ya mabega, na hapo ndipo upepo unapita vizuri. Viwiko pia visogeze karibu karibu, pole pole, wiki hii kidogo wiki ijayo kidogo.

Mwambie mtu akurekodi na simu kutoka upande na kutoka mbele ukiwa umelala vile unaendaga ukiwa umechoka, sio vile unakaa ukijua unapigwa picha.

Na kabla ya kuendesha hiyo mashine kwa kasi, fungua tepu ya usukani yote. Jasho la miaka linaingia pale kwa bolti na pale kaboni imekutana na alumini, ukiona unga mweupe ama rangi imefura usiguse hiyo barabara mpaka fundi aione. Toa uma pia uangalie shina lake ndani. Waya zote za breki na gia na maganda yake badilisha, hizo hazina mjadala, na ukikaza upya tumia spana ya kupima nguvu, kaza kwa namba iliyoandikwa kwa kifaa chenyewe.

Dada_Wati
Naunga mkono fundi, halafu pesa ya kwanza kabisa iende kwa taya. Hizo ngumu za mazoezi zinakula wati (nguvu ya miguu yako) nyingi sana ukilinganisha na taya nzuri ya mbio kama Continental GP5000, na tofauti unaisikia siku hiyo hiyo umezifunga. Ndani weka chubu za lateksi, zinabingirika kwa urahisi kuliko za mpira wa kawaida, ila zinapoteza upepo haraka kwa hivyo lazima upampu kila asubuhi kabla ya kutoka. Na tafadhali usipampu PSI 120 kwa sababu umeandikiwa kwa taya. Lami yetu si laini, taya ikiwa jiwe inakurusha juu juu na hiyo ni kasi inapotea.

Kitu kingine bei rahisi ni nta. Cheni mpya ya gia 10 ioshe grisi yote ya kiwandani na petroli, kisha spiriti, ikauke kabisa, halafu uitumbukize kwa nta ya mafuta ya taa iliyoyeyuka, ile ya kutengenezea mishumaa. Nta iyeyushe kwa sufuria iliyokaa ndani ya sufuria ya maji moto, usiweke moja kwa moja kwa moto wa gesi, inashika moto. Acha cheni mle kama dakika kumi ukiitikisatikisa mpaka mapovu yaishe, itundike. Ikipoa inakuwa ngumu kama fimbo, unaikunja kunja pingili moja moja mpaka inalegea. Baada ya hapo unaweza kuishika na shati jeupe. Ukinyeshewa tu lazima urudie, kwa hivyo Machi mpaka Mei utakuwa na kazi.

Nguo pia. Jezi inayopigapiga mgongoni ni breki. Mimi suti yangu ya kubana nilitoa Toi, mitumba, ilikuwa kubwa mabegani, fundi wa nguo mwenye ovaloki akaikaza mikono na mgongo na sai hakuna mkunjo hata mmoja nikilala.

Kasi_Karen
Mimi sikubaliani sana na hii ya kudharau magurudumu. Kwa mbio za kilomita 40 rimu ndefu inasaidia kweli, na la mbele ndio linakutana na upepo msafi kwanza. Ukipata la mbele la mtumba zuri litakupa sekunde, na litahamia baiskeli yako inayofuata, tofauti na gia za umeme ambazo hazikuongezei hata mita moja. Ila angalia mambo mawili. Rimu za siku hizi ni pana, breki zako za zamani zinaweza kukosa kufunguka vya kutosha. Na la nyuma likiwa la gia 11 za Shimano usiogope, kaseti yako ya 10 inaingia ukiweka ringi ya milimita 1.85 nyuma yake. Hiyo ya kuuza ununue diski, kwa elfu hamsini sahau.

fundi_wa_Kikuyu
@Kasi_Karen sikatai, ila yaje mwisho. Mmarekani Greg LeMond 1989 alishinda Tour de France kwa sekunde 8, siku ya mwisho, kilomita 24.5 kutoka Versailles mpaka Paris, na kitu kikubwa alichokuwa nacho kumzidi mpinzani wake Mfaransa Laurent Fignon ni zile pembe za kuegemea na kofia ya upepo. Namna ya kukaa.

Mama_Tigoni
Hamjamwambia kuhusu gia. Hiyo 11-23 ni ya watu wa tambarare, ukitoka Ruiru ukajaribu kupanda huku kwetu utasukuma kwa mguu. Derela (kile kinachohamisha cheni nyuma) fupi ya 6700 inabeba mpaka meno 28, kwa hivyo tafuta kaseti ya 11-28 ya gia 10, ya Shimano 105 inaingia. Ila ukinunua derela ama vibadilishio usichukue Shimano Tiagra 4700, hiyo ni gia 10 lakini inavuta waya tofauti, haielewani na zako.

Halafu baipasi, mdogo wangu, ukilala huko chini vidole viko mbali na breki na malori hayakuoni. Nenda mapema na mwenzako, na penye makutano inuka ushike breki.

Mpanda_Ruiru
Asanteni sana kwa kweli. Jana nimefungua tepu, bolti moja ina kutu lakini kaboni iko safi. Kiti nimekisogeza mbele na kukipandisha, tayari mapaja yanapumua. Swali, taya za 25 zitaingia? Na nitajuaje kama nimeongeza kasi kweli, sina mita ya wati.

Dada_Wati
Mbele kawaida hazina shida, nyuma ndio ngumu, fremu yako inakumbatia gurudumu. Kwanza rekebisha zile skrubu ndogo mahali ekseli inakaa ili gurudumu lirudi nyuma kidogo, funga taya, pampu, izungushe uone kama kuna nafasi ya milimita 4 pande zote. Ikigusa baki na 23 nyuma, weka 25 mbele. Na usishangae ukilazimika kutoa upepo ili gurudumu litoke.

Kupima, tafuta mteremko mmoja mrefu usio na magari, saa kumi na mbili asubuhi kabla upepo haujaamka. Anza mahali pamoja kwa mwendo mmoja, usikanyage, andika kasi ukifika nguzo fulani. Rudia mara kadhaa umekaa hivi, halafu ubadilishe kitu kimoja tu, upepo wa taya uwe ule ule. Tuma hapa namba ukimaliza, na ile video ya simu, tuone viwiko kabla hujaenda kununua kofia.