Nasomea ukaunsela Uingereza. Nikisema nimebaguliwa, naambiwa nina hasira. Nifanyeje?

Binti Kilwa:
Wakuu salaam. Matusi wekeni akiba, naombeni ushauri. Niko Uingereza, nasomea ukaunsela mwaka wa pili, chuo binafsi cha wikiendi. Darasani weusi tupo wawili. Kuna mazoezi tunakaa watatu watatu: mmoja mteja, mmoja mnasihi, mmoja mtazamaji. Mwenzangu mmoja hataki kuwa mteja wangu, eti lafudhi yangu inamtoa kwenye hisia. Mwalimu alisikia, kimya. Nilipolileta kwenye kikao cha kundi akanigeukia kwa upole kabisa: "Tuangalie hiyo hasira inatoka wapi kwenye maisha yako." Nikamwambia sina hasira, nina lalamiko. Akaandika daftarini. Sasa ripoti imetoka: sijawa tayari kukutana na wateja. Bila wateja sifikishi zile saa 100 wanazotaka BACP, chama cha wanasihi cha huku. Nilalamike sasa au nimalize kwanza?

Kipepe:
Ngoja waje wataalamu. Nimekaa pale.

Mzee wa Bandari:
Binti yangu, vumilia. Mimi Muscat niliitwa majina yote, na aliyeniita bibi yake mzaa mama ni wa Unguja, Kiswahili kanizidi. Siku ya Idi ananiletea halua, kesho yake ananiita vilevile. Nilimaliza mkataba, nikarudi, nikajenga. Cheti kwanza.

Nyuki wa Tabora:
Kumbe watu wanalipa ada wafundishwe kusikiliza? Mke wangu ananisikiliza bure, halafu anasimulia saluni nzima.

Mnasihi Leicester:
Dada, achana na hao. Ukilalamika chuo cha uhasibu, watabishana na lalamiko lako. Kwetu sisi lalamiko linageuzwa kuwa ugonjwa wako, na anayeligeuza ndiye anayekupa alama. Nilikofundisha tulitenganisha: anayesahihisha hapokei malalamiko, kikao kikichafuka anaitwa mwezeshaji wa nje, na makundi ya mazoezi anapanga mwalimu. Kliniki hakuna kuchagua mtu kwa lafudhi, kwa nini darasani kuwe na kuchagua?

Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inavibana hata vyuo binafsi. Na kukuadhibu kwa sababu umelalamikia ubaguzi ni kosa jingine kabisa, hata kama lile la kwanza halikuthibitika, mradi hukusema uongo. Lakini mahakama ya kaunti inakupa miezi 6 tangu tukio, kwa hiyo hiyo "nimalize kwanza" itakufungia mlango. Omba kwa maandishi kila walichoandika juu yako, sheria inawapa mwezi mmoja kujibu. Kama diploma yako ina chuo kikuu nyuma yake, ulizia kama OIA, ofisi huru inayopokea malalamiko ya wanafunzi wa vyuo vikuu, wanaweza kukupokea. Ni bure, ila chuo kimalize hatua zake kwanza.

Sasa, ushahidi unao?

Binti Kilwa:
Upo. Wa kutosha.

Mnasihi Leicester:
Upi? Barua pepe? Shahidi?

Binti Kilwa:
Upo mkuu, usiwe na wasiwasi.

Mama Zaituni:
Bibie, mganga hafichwi. Sema.

Binti Kilwa:
Nilirekodi kikao. Simu ilikuwa mkobani. Kabla hamjanirukia: bila sauti ile nani angeniamini? Nimeshaikata vipande, wiki hii naipandisha TikTok. Sura ya mtu haionekani hata moja.

Mnasihi Leicester:
Kikao cha kundi, mlichokubaliana hakitoki nje? Na wengine walisema nini humo?

Binti Kilwa:
Kuna kijana aliongelea mama yake kidogo. Hapo nimekata. Na mniambie, waliponyamaza wote mimi nikivuliwa nguo mbele yao, siri ya kikao ilinilinda mimi?

Mama Zaituni:
Hapo kasema kweli.

Mwalimu Mstaafu Nyeri:
Fani hiyo ina deni na sisi toka zamani. Daktari Carothers, aliyesimamia hospitali ya Mathari pale Nairobi, aliandika 1951 kwamba Mwafrika anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu. 1954 serikali ya kikoloni ikachapisha maelezo yake juu ya Mau Mau. Watu wamenyang'anywa ardhi, yeye anapima akili zao. Huyo mwalimu wa wikiendi hakuanzisha kitu.

Kachero wa Kisutu:
Samahanini, hii chai. Vyuo vya wikiendi vya namna hiyo vingi havina leseni ya kudhamini viza ya mwanafunzi. Huyu anakaa huko kwa viza gani? Halafu kulikuwa na uzi wa nesi humu, "hasira yako inatoka wapi" ilikuwemo neno kwa neno. Mtunzi ni mmoja.

Binti Kilwa:
Viza umeileta wewe. Niliolewa huku, nina ukaazi wa kudumu.

Nyuki wa Tabora:
Chai ya tangawizi. Mzee wa Bandari kashatoa na halua yake.

Mzee wa Bandari:
Halua yangu ni ya kweli.

Kachero wa Kisutu:
Weka hiyo ripoti hapa, ficha majina. Dakika mbili tu, tumemaliza.

Mama Zaituni:
Mbona kapotea?

Mpita Njia UK:
Si chai. Klipu iko kwenye grupu letu la WhatsApp tangu jana usiku. Na haikukatwa, kijana wa watu anasikika mpaka analia.

Binti Kilwa:
Grupu gani?? Nilimtumia wifi yangu peke yake asikilize!

Mnasihi Leicester:
Mpigie huyo kijana sasa hivi, aisikie kwako kabla hajaisikia kwa mwingine. TikTok sahau. Lalamiko la ubaguzi bado ni lako, liandike leo kwa tarehe na maneno unayoyakumbuka. Chuo kitakushika kwa hiyo rekodi, kwa hiyo tafuta mwanasheria kabla hujaitwa.

Binti Kilwa:
Hapokei.

Kipepe:
Wakuu, na mimi nitumieni hiyo klipu inboksi.