Naomba ushauri: tunataka kuanzisha chama cha kitaifa cha wapenda kupiga picha

Wakuu, habari zenu. Tuko kikundi cha wapenda kupiga picha hapa Dar, si watu wa studio wala harusi. Sisi ni wa kuwahi soko la samaki la Feri alfajiri, kabla jua halijawa kali. Tuna wenzetu Mwanza na Mbeya, sasa tunataka chama cha nchi nzima.

Usajili: wengine wanasema BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kwa kuwa picha ni sanaa, wengine Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Mliopita huko, wapi kuna mzunguko mdogo? Na Zanzibar, yenye sheria yake ya jumuiya, tunaiunganishaje?

Kinachotuumiza kichwa zaidi ni katiba. Wenye kamera kubwa wanataka wanaotumia simu wasipige kura. Mimi naona ni ubaguzi tu, maana picha kali kuliko zote kundini, ya mpaa samaki mwenye magamba hadi kwenye kope, ilipigwa kwa simu. Ila hao ndio wenye hela za kuanzia! Vyama vyenu mmelimalizaje hili? Mwenye mfano wa katiba naomba anisaidie.