Sakafu za zege lililong'arishwa kwenye majengo ya umma zinavunja watu nyonga, na hakuna anayezipima zikiwa na maji

Ndugu wanajamvi,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Hospitali moja hapa Dar es Salaam, ambayo sitaitaja kwa kuwa malalamiko yetu bado yako mezani kwa uongozi wake, ilifungua jengo jipya la wagonjwa wa nje ambalo sakafu yake yote, kuanzia mlango mkubwa hadi dirisha la dawa, ni zege lililong'arishwa mpaka taa za darini zinaonekana ndani yake. Mama yangu mzazi, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, alikwenda kuchukua dawa zake za presha asubuhi moja ya masika. Hatua chache baada ya kuvuka mlango aliteleza, akaanguka kwa ubavu na kuvunjika shingo ya mfupa wa paja. Amefanyiwa upasuaji, na mama aliyekuwa akienda sokoni mwenyewe sasa anahitaji mtu wa kumshika hata anapokwenda chooni.

Jibu tulilopewa ni kwamba alikuwa amevaa kandambili, na kwamba kulikuwa na kibao cha njano kinachotahadharisha kuwa sakafu ina maji. Jibu hilo ndilo lililonikalia kooni. Hospitali inayohudumia wazee, wajawazito na watoto inajua fika kwamba wagonjwa wake huja na kandambili, wengine wakiwa wamevimba miguu kiasi cha kutoweza kuvaa kitu kingine, na kwamba miezi ya masika huja kila mwaka. Sakafu huchaguliwa kwa kuangalia watu watakaoikanyaga, na wala si watu wanaopaswa kujibadilisha ili waendane na sakafu.

Mimi ni fundi sanifu wa majengo, kazi hii ndiyo inayonilisha, na naomba nieleze kinachotokea ili mjadala usiishie kwenye pole na bahati mbaya.

Sakafu ya zege ikiwa kavu na safi haitelezi sana hata kama inang'aa, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Siku ya makabidhiano, mkandarasi, mshauri elekezi na viongozi wa taasisi hutembea juu ya sakafu kavu, hakuna anayeteleza, hati inasainiwa na kazi inahesabiwa kuwa imekamilika. Maji yakiingia, hali hubadilika kabisa. Kisigino kinapotua hubana maji kati ya soli na sakafu, na maji hayo lazima yapate pa kukimbilia. Sakafu yenye mparuzo, hata ule mdogo usioonekana kwa macho, ina vilima na mabonde. Maji huingia mabondeni, na vilima hutokeza na kuishika soli. Sakafu iliyosagwa hadi ikawa laini kabisa haina vilima hivyo, kwa hiyo mguu hubaki umeelea juu ya utando wa maji, na mwili unapoegemea mbele mguu unakuwa umeshatangulia peke yake.

Mparuzo unaohitajika ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Mwongozo wa HSE, mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza, unatumia kipimo cha mparuzo kinachoitwa Rz, kinachohesabiwa kwa mikroni (mikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita): kwa sakafu inayoweza kulowa maji, chini ya mikroni 10 hatari ya kuteleza ni kubwa, kati ya 10 na 20 ni ya wastani, na kuanzia 20 kwenda juu ni ndogo. Mikroni 20 ni chini ya unene wa unywele wa kawaida. Kwa hiyo hoja ninayoisikia kila ninapolalamika, kwamba sakafu isiyoteleza itakuwa ya kukwaruza kama barabara ya changarawe na haitasafishika hospitalini, haina mashiko.

Lipo pia jambo ambalo wasio mafundi hawaambiwi. Kung'arisha zege kwa maana yake halisi ni kulisaga kwa diski za almasi, kuanzia namba za chini kama 30 au 40 (namba ikiwa ndogo, diski hukwaruza zaidi), kupanda hadi 400 au 800, na kwa wanaotaka ling'ae kama kioo, hadi 1500 au 3000. Katikati ya hatua hizo hupakwa silikati ya sodiamu au ya lithiamu, ambayo huingia kwenye vinyweleo vya zege, ikaungana na chokaa iliyomo na kuufanya uso wake uwe mgumu. Dawa ya namna hiyo, ikipakwa sawasawa na ziada yake ikafutwa, haiachi utando wowote juu, na fundi makini anaweza kusimama kwenye namba 400 akapata sakafu yenye mng'ao wa kupendeza ambayo bado ina ushikaji. Kinachofanyika kwenye majengo mengi ninayoyaona ni njia ya mkato: zege linasawazishwa, linapigwa niru (uji wa saruji wa kulainisha uso), linapitishiwa msasa kidogo, kisha linamwagiwa tabaka la vanishi ya akriliki, na kwenye mchanganuo wa gharama kazi inaandikwa kuwa ni zege lililong'arishwa.

Nilirudi kwenye jengo lile kuangalia mwenyewe. Nilichuchumaa karibu na mlango, kwenye kona ambayo mashine ya kusaga isingeweza kufika, nikakwangua sakafu kwa ncha ya ufunguo. Zege lililosagwa kwa almasi halibanduki kwa ufunguo. Hapa palitoka vipande vyembamba vyeupe, vikijikunja kama ngozi inayobanduka baada ya kuungua, na chini yake ikaonekana niru ya kijivu iliyofifia. Mita chache kutoka hapo, kwenye njia ya kwenda maabara, utando ule ulikuwa na mistari ya duara, alama za dekio lililopita na kuacha sabuni ikaukie hapohapo. Nilipolowesha kidole na kusugua mojawapo ya mistari hiyo, povu lilitokea.

Povu hilo ni sehemu ya kesi hii. Wafanyakazi wa usafi, ambao wengi wao wameajiriwa na kampuni za nje kwa mishahara midogo, hupewa sabuni ya maji na ndoo moja, na huambiwa wapige deki wakati wagonjwa wamejaa kwa sababu muda huo ndio uchafu unaoonekana. Sabuni isiposuuzwa kwa maji safi hubaki sakafuni, na siku mvua ikinyesha, viatu vyenye maji huiamsha upya. Siwalaumu hata kidogo. Hakuna aliyewaelekeza kipimo cha sabuni wala haja ya kusuuza, na hakuna aliyewapangia muda wa kudeki nusu ya korido huku nusu nyingine ikiwa kavu kwa ajili ya wapita njia. Wao wenyewe huteleza mara nyingi kuliko sisi.

Sasa turudi kwenye upimaji, maana hapa ndipo uzembe unapokuwa mkubwa zaidi. Kifaa cha kupima utelezi kipo na si kigeni: ni pendulamu yenye kipande cha mpira kwenye ncha, inayoachiwa ishuke na kuparuza sakafu iliyoloweshwa maji kwa namna inayofanana na kisigino kinachoteleza. Ni kifaa kilekile ambacho wahandisi wa barabara hutumia kupima ushikaji wa lami. Uingereza, sakafu ikipata 36 au zaidi kwenye kipimo hicho huhesabiwa kuwa na hatari ndogo, kati ya 25 na 35 ni hatari ya wastani, na chini ya hapo ni hatari kubwa. Marekani wana kiwango kinachoitwa ANSI A326.3, ambacho kwa sakafu ngumu za ndani, za usawa, zinazotarajiwa kukanyagwa zikiwa na maji, kinataka msuguano usiopungua 0.42, na kipimo hufanywa sakafu ikiwa imeloweshwa maji yaliyotiwa kemikali ya sabuni kidogo. Angalieni jambo moja linalounganisha nchi hizo mbili: pale sakafu inapotarajiwa kulowa, hupimwa ikiwa imelowa. Niliomba kwa maandishi kuonyeshwa matokeo ya kipimo chochote cha utelezi kilichofanywa kwenye jengo lile, kikavu au chenye maji, na nimejibiwa kwamba jengo lilikaguliwa na kupokelewa kwa kufuata taratibu. Jibu hilo halina tarakimu hata moja.

Kilichonitia uchungu zaidi ni njia ya mteremko ya kitimwendo, kwani nayo imeng'arishwa kama ukumbi. Mteremko wa kawaida wa 1 kwa 12 huongeza msuguano unaohitajika kwa takriban 0.08 juu ya ule wa sakafu ya usawa, maana yake ni kwamba mahali ambapo mtu mwenye mkongojo au muuguzi anayesukuma mgonjwa anahitaji ushikaji mkubwa kuliko popote ndani ya jengo, amepewa uso uleule wenye vanishi. Nilimwona kijana mmoja akimshusha baba yake kinyumenyume, ameshika mabomba ya pembeni kwa mkono mmoja, soli zake zikiteleza kidogo kwa kila hatua. Aliyechora na aliyeidhinisha mteremko ule walipaswa kuushuka wenyewe ukiwa umelowa.

Kuhusu kile kibao cha njano, nasema wazi kwamba hakiwaondolei wajibu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1957 kuhusu wajibu wa wenye majengo kwa wageni wao inaeleza kuwa onyo peke yake halimwondolei mwenye jengo lawama, isipokuwa kama katika mazingira yale lilitosha kumfanya mgeni awe salama; Kenya nayo ina sheria yake ya aina hiyo, Sura ya 34, iliyofuata nyayo hizo. Onyo linamsaidiaje mgonjwa ambaye hana njia nyingine ya kulifikia dirisha la dawa? Kwetu Tanzania tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na hospitali ni mahali pa kazi kama kiwanda. Wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wanaoingia kwenye majengo haya kuangalia mitungi ya kuzimia moto na milango ya dharura wanapaswa kuitazama pia sakafu wanayosimama juu yake.

Nimeshaambiwa kwamba nakuza jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, kwamba kuanguka ni sababu ya pili duniani ya vifo vitokanavyo na ajali baada ya ajali za barabarani, na kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Si wote walioteleza sakafuni, lakini wazee wa zaidi ya miaka 60 ndio wanaoongoza, na mzee aliyevunjika nyonga mara nyingi harudi alivyokuwa.

Sidai sakafu hizi zipigwe marufuku. Ni imara, hazina viungio vya kuhifadhi uchafu kama vigae, na zikifanywa kwa uaminifu hudumu miaka mingi. Ninachodai kwenye jengo lile ni kazi ya kawaida kabisa: utando wa vanishi uondolewe wote, eneo la mlangoni, vyoo na mteremko visagwe upya kwa namba ya chini au viwekewe mikanda yenye mchanga, lijengwe paa la kutosha nje ya mlango na liwekwe zulia la kufutia miguu lenye urefu wa hatua kadhaa, kwa sababu kile kipande cha sasa mtu hukivuka kwa hatua moja akaingia ukumbini viatu vikiwa bado vinachuruzika, kisha sakafu ipimwe ikiwa na maji na matokeo yabandikwe. Na kwa majengo yajayo, kiwango cha ushikaji wa sakafu yenye maji kiandikwe ndani ya zabuni kama inavyoandikwa nguvu ya zege, ili mkandarasi asiyekifikia asilipwe hadi arekebishe.

Barua yetu ya pili tumeipeleka kwa uongozi wa hospitali, na nakala yake kwa OSHA. Wahandisi, wasanifu na wakadiriaji majenzi mliomo humu, naomba mwenye zabuni ya jengo lolote la umma iliyotaja kiwango cha utelezi wa sakafu aweke kipengele hicho hapa, tukiambatishe. Na yeyote aliyeanguka, au ambaye ndugu yake ameanguka kwenye sakafu ya namna hii, aandike aina ya jengo, sehemu alipoangukia na kama palikuwa na maji, bila kutaja majina.