Mbegu za mwaloni zimegoma kuota

Wadau, Oktoba niliokota mbegu za mwaloni pale kituo cha basi, huku Columbus, Ohio. Nikazianika dirishani wiki tatu, kama mahindi ya mbegu, ndipo nikapanda. Mpaka leo kimya. Nimekosea wapi?

— Uliziua dirishani, dada. Mbegu ya mwaloni ikikauka, imekufa. Okota mpya, zitie majini, zinazoelea tupa. Majani yana ncha kali au mviringo?

— Ncha kali.

— Basi ni mwaloni mwekundu. Changanya na mchanga wenye unyevu, weka friji miezi miwili au mitatu. Mweupe hauhitaji hayo, hutoa mzizi mara tu baada ya kudondoka. Chungu kiwe kirefu!

— Na wavu juu. Zangu kindi walifukua zote asubuhi moja, nikiwatazama na chai mkononi.