Naomba ushauri: mkaa wangu wa makaa ya mawe unatoa moshi mzito
Wakuu, habari za jioni. Niko Mbinga. Nimepata vumbi la makaa ya mawe kwa bei ya kutupa, nikaanza kutengeneza vitofali vya kupikia: vumbi, uji wa muhogo kidogo, nakandamiza kwa mashine ya mkono, naanika siku tatu. Moto wake mkali hasa. Shida ni moshi, wa njano, unakaba koo, na sufuria ya mama watoto imeshika masizi yanayonata kama lami. Nimefukuzwa jikoni mimi na jiko langu.

Nimesoma kwamba dawa ni kuyachoma kwanza bila hewa, nyuzijoto 500 hadi 600, gesi na lami zitoke, kibaki kitu kisicho na moshi. Juzi nikajaribu kwa pipa la chuma, nikatoboa tundu juu. Nilipoweka kiberiti tunduni, gesi ikawaka kama jiko la mtungi (kumbe ndiyo iliyokuwa ikiwasha taa za London enzi zile!). Lakini ya katikati yalitoka mabichi, ya pembeni majivu matupu.

Sasa bila kipimajoto nitajuaje yameiva? Lami naweza kuikinga kwa bomba linalopita kwenye maji? Na chokaa ya kuishika salfa ibaki kwenye majivu, niweke kiasi gani kwa debe? Nikizidisha, moto unapoa.

Hatari ya monoksidi ya kaboni naijua, nachomea nje. Ila msiniambie ninunue mtambo, mtaji wangu ni laki tatu.